Hapana, Hakuna, Hamna: Usimamizi wa Nafasi kwa Miradi ya Utafiti Iliyodhaminiwa Chuoni

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna chuo kikuu kinavyoweza kusimamia vyumba na majengo yanayotumiwa na miradi ya utafiti inayogharamiwa na wafadhili. Hoja kuu ni kwamba nafasi ni sehemu ya gharama ya utafiti kama ilivyo mishahara na vifaa, na kwamba mtafiti asiyeihesabu mapema huishia kuikosa. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa kutumia viambishi vya mahali vya Kiswahili, yaani PA, KU na M, ambavyo vinatenganisha aina tatu za jibu ambalo watafiti wengi huzoea kulisikia kama jibu moja. Mifano imetolewa Marekani, ambako isimu ya kisasa ililelewa katika jengo la muda la miradi iliyodhaminiwa, na Afrika Mashariki, ambako taasisi kongwe ya Kiswahili ilihama mji hadi mji kabla ya kupata makao.

1.0 Utangulizi

Katika vyuo vikuu vingi mjadala kuhusu utafiti huanza na kuishia kwenye fedha. Mwanafunzi wa uzamili hufundishwa kuandika pendekezo, kutaja malengo, kupanga muda na kukadiria bajeti. Hufundishwa kuhesabu nauli ya kwenda nyanjani, posho ya wasaidizi, bei ya vinasa sauti na gharama ya kuchapisha matokeo. Ni nadra kufundishwa kuuliza swali jepesi: data itakaporudi kutoka nyanjani, itawekwa wapi, na nani atakayekaa hapo kuifanyia kazi?

Swali hilo huzuka baadaye, aghalabu baada ya mkataba kutiwa saini na fedha kuingia. Hapo ndipo mkuu wa mradi anapobisha mlango wa idara akiomba chumba, naye huambiwa, "Hakuna nafasi." Kutokana na jibu hilo, kanda za mahojiano huwekwa chini ya meza ya mhadhiri, hojaji hufungwa kwa kamba na kurundikwa juu ya kabati, na wasaidizi wa utafiti hufanyia kazi ukumbini au majumbani mwao. Mradi huendelea, lakini huendelea ukichechemea.

Tatizo hili ni zito zaidi katika taaluma za lugha. Mradi wa tiba au kilimo huja na mashine, na mashine haiwezi kuwekwa mfukoni. Chuo hulazimika kuipatia chumba. Baadhi ya programu kubwa hata hujijengea makao. Mfano ni ushirikiano wa KEMRI na Wellcome Trust ulioanza Kilifi mwaka 1989, ambao una maabara zake karibu na hospitali ya huko. Mtafiti wa lugha, kwa upande mwingine, hudhaniwa kuwa anahitaji kalamu na kichwa tu. Dhana hiyo si sahihi, na makala haya yanakusudia kuonyesha kwa nini.

2.0 Neno "nafasi" na viambishi vya mahali

Neno nafasi lina asili ya Kiarabu, katika mzizi unaohusiana na pumzi, na mzizi huo huo umeipa lugha ya Kiswahili neno nafsi. Katika matumizi ya kila siku neno hili hubeba angalau maana tatu. Kwanza ni eneo lililo wazi: "Chumba hiki kina nafasi." Pili ni fursa: "Amepata nafasi ya masomo." Tatu ni wakati: "Leo sina nafasi." Maana hizo tatu zinakutana katika usimamizi wa utafiti. Mradi ulionyimwa eneo umenyimwa pia fursa, na wakati wa watafiti wake hupotea katika kuhamahama.

Sarufi ya Kiswahili ina chombo kingine cha kufafanulia jambo hili. Kila mwanafunzi wa isimu anajua kwamba ngeli ya mahali ina viambishi vitatu. PA huonyesha mahali mahususi panapojulikana, KU huonyesha mahali pa jumla au pasipo mipaka dhahiri, na M au MU huonyesha undani wa mahali. Kwa hivyo kuna kukanusha kwa namna tatu:

(a) Hapana nafasi. Mahali hapa mahususi, pengine chumba kimoja kilichoombwa, pameshachukuliwa.

(b) Hakuna nafasi. Katika eneo lote, pengine chuo kizima, hakupatikani mahali.

(c) Hamna nafasi. Ndani ya chumba mmejaa, kwa watu au kwa vitu.

Katika mazungumzo ya kawaida tofauti hizi hufifia. Hapana limekuwa neno la kukataa jambo lolote, nayo hakuna na hamna hubadilishana bila msikilizaji kushtuka. Hata hivyo, kwa anayesimamia majengo, tofauti hizo ni za msingi, kwa sababu kila kauli inahitaji ushahidi wake na ina tiba yake. Anayesema hapana anapaswa kuonyesha ni nani aliyepewa chumba hicho na hadi lini, na tiba yake ni kungoja zamu au kutafuta chumba kingine. Anayesema hakuna anapaswa kuwa na orodha ya vyumba vyote vya chuo, na tiba yake ni kujenga, kukodi au kugawa upya. Anayesema hamna anapaswa kuwa amefungua mlango na kuona kilichomo, na mara nyingi tiba yake ni kuondoa tu kisichotumika.

Ofisi inayotamka hakuna bila kuwa na orodha, au hamna bila kuufungua mlango, haijatoa jibu. Imetoa dhana.

3.0 Nafasi kama gharama

Chumba cha chuo huonekana kuwa cha bure kwa sababu anayekitumia hapokei ankara. Kwa hakika kila mita ya mraba ina gharama yake: umeme, maji, usafi, ulinzi, ukarabati, na kuchakaa kwa jengo lenyewe. Mradi usiolipia gharama hizo hulipiwa na mtu mwingine, na katika chuo cha umma mtu huyo ni mwanafunzi anayelipa karo au mwananchi anayelipa ushuru.

Wahasibu hutenganisha gharama za moja kwa moja, kama vile mishahara, safari na vifaa vya mradi, na gharama zisizo za moja kwa moja, ambazo ni sehemu ya mradi katika matumizi ya pamoja ya chuo. Nchini Marekani utaratibu huu uliwekwa kwenye kanuni za serikali kuu tangu mwaka 1958, kupitia waraka uliojulikana kama A-21. Kanuni hizo ziliunganishwa na nyingine katika mwongozo mmoja ulioanza kutumika Desemba 2014. Chini ya mfumo huo gharama zisizo za moja kwa moja zina mafungu mawili, yaani majengo na utawala. Mwaka 1991, baada ya malalamiko katika Bunge la nchi hiyo kuhusu matumizi ya fedha hizo, fungu la utawala liliwekewa kikomo cha asilimia 26. Fungu la majengo halikuwekewa kikomo cha namna hiyo. Hukokotolewa kutokana na gharama halisi na matumizi halisi ya vyumba.

Hapo ndipo usimamizi wa nafasi unapopata uzito wake. Ili kudai fedha za majengo, chuo hukagua vyumba vyake na kueleza kila kimoja kinatumiwa kwa shughuli gani: utafiti uliodhaminiwa, ufundishaji, utawala au mengineyo. Chumba kinachotumiwa kwa utafiti nusu ya wakati na kwa mafunzo nusu nyingine huhesabiwa hivyo hivyo, nusu kwa nusu. Mradi unaofanyiwa nje ya majengo ya chuo hutozwa kiwango cha chini, kwa kuwa hautumii vyumba vya chuo. Kwa maneno mengine, mfumo huo unakiri waziwazi kwamba nafasi inalipiwa.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba mradi wa kuandaa kamusi ya istilahi umepata shilingi 5,000,000 za gharama za moja kwa moja kwa miaka 2. Mfadhili amekubali kuongeza asilimia 15 kwa gharama zisizo za moja kwa moja, yaani shilingi 750,000. Mradi umepewa chumba cha mita za mraba 30. Ikiwa kila mita ya mraba hukigharimu chuo shilingi 6,000 kwa mwaka, basi chumba hicho kitagharimu shilingi 180,000 kwa mwaka, au 360,000 kwa miaka 2. Baada ya kulipia chumba, chuo kinabaki na shilingi 390,000 za kugharamia uhasibu, maktaba na mtandao. Kama mtafiti hakuomba nyongeza hiyo, shilingi 360,000 za chumba zingetoka kwenye fungu la ufundishaji. Mtafiti angekuwa ameleta sifa huku akiacha deni.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mradi uliodhaminiwa ni mgeni katika chuo. Ukija na fungu la kutunza nyumba inayoulaza, mwenyeji hupona. Ukija mikono mitupu, mwenyeji huanza kuhesabu siku.

4.0 Jengo la 20: isimu katika nyumba ya muda

Wanafunzi wa Kiswahili hulikuta jina la Noam Chomsky mapema katika masomo ya sintaksia. Ni wachache wanaosimuliwa habari za jengo alimofanyia kazi, ingawa historia yake ni somo zuri la usimamizi wa nafasi.

Mwaka 1943, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts (MIT) ilihitaji kwa haraka mahali pa kupanulia maabara yake ya rada, iliyoanzishwa mwaka 1940 kwa fedha za serikali. Jengo la mbao la ghorofa tatu lilisimamishwa upesi. Lilikuwa na ukubwa wa takriban futi za mraba 250,000, ambazo ni kama mita za mraba 23,000, na lilikusudiwa kubomolewa vita vikishakwisha. Halikupewa jina ila namba, Jengo la 20. Hatimaye lilidumu miaka 55, na lilibomolewa mwaka 1998. Mahali pake pakajengwa Stata Center, jengo lililofunguliwa mwaka 2004.

Vita vilipokwisha, maabara ya rada ilivunjwa, na mwaka 1946 ikazaliwa Maabara ya Utafiti wa Elektroniki, iliyoendelea kupata fedha kutoka majeshi ya Marekani. Jengo la 20 likawa mahali pa kuwaweka wasio na mahali. Wahandisi, wanafizikia, wanaisimu na hata chama cha wanafunzi cha kuunda reli ndogo waliishi chini ya paa moja. Kwa kuwa jengo lilihesabiwa kuwa la muda, waliokuwamo waliweza kulibadilisha bila kungoja vibali vingi. Katika miaka ya 1950 Jerrold Zacharias, aliyekuwa akitengeneza saa ya atomu, alihitaji kimo kisichopatikana katika chumba cha kawaida. Sakafu mbili zilitobolewa ili chombo chake kisimame.

Morris Halle alijiunga na MIT mwaka 1951, naye Chomsky mwaka 1955, akipokewa katika Maabara hiyo ya Utafiti wa Elektroniki. Kitabu chake Syntactic Structures cha mwaka 1957 kinatoa shukrani kwa majeshi ya nchi kavu, anga na bahari ya Marekani, kwa wakfu wa taifa wa sayansi na kwa kampuni ya Eastman Kodak. Hii ina maana kwamba mojawapo ya vitabu vilivyobadilisha isimu ya karne ya 20 kilitokana na utafiti uliodhaminiwa. Programu ya uzamifu katika isimu ilianza hapo mwaka 1961, na kwa miaka mingi wanaisimu wa MIT walikuwa na ofisi zao katika Jengo la 20.

Kisa hiki kisisomwe kwa haraka. Si kweli kwamba jengo bovu huzaa fikra nzuri. Jengo la 20 lilikuwa na joto kali wakati wa kiangazi na baridi wakati wa majira ya theluji, na nyumba ya mbao daima ina hatari ya moto. Mafunzo yake ni mengine. Kwanza, taaluma iliyokuwa changa na isiyo na wakubwa wa kuitetea ilipata mlango wa kuingilia kwa sababu kulikuwa na eneo lisilogombewa. Pili, watafiti walikuwa na mamlaka juu ya chumba chao, wakakirekebisha kulingana na kazi. Tatu, wanaisimu na wahandisi walikutana ujiani kila siku. Nne, fedha za wafadhili zilipita katika maabara iliyokuwa na makao, wala hazikuishia mikononi mwa mtu mmoja mmoja. Chuo kinachotaka mafunzo hayo hakihitaji jengo la mbao. Kinahitaji kutenga sehemu ya vyumba vyake kwa miradi inayokuja na kuondoka, na kutokubali sehemu hiyo imezwe na idara yenye nguvu kuliko nyingine.

5.0 Afrika Mashariki: makao ya Kiswahili

Katika Afrika Mashariki utafiti wa Kiswahili una historia yake ya kutafuta makao. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na makao yake ya kwanza yalikuwa Dar es Salaam. Mwaka 1942 yalihamishiwa Nairobi. Mwaka 1952 yalihamia Makerere, Kampala, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yakapelekwa Mombasa. Mwaka 1964 kazi ya Kamati iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na chombo hicho kikaja kujulikana kama Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI). Mwaka 2009 TUKI iliunganishwa na idara ya Kiswahili ya chuo hicho na kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI).

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilitoka mwaka 1981. Itakuwa ni kutia chumvi kudai kwamba makao peke yake ndiyo yaliyoizaa, kwa maana kamusi huzaliwa na watu na miaka mingi ya kazi. Hata hivyo, kamusi ya namna hiyo huandikwa kutokana na kadi, majalada na maktaba zinazokusanywa kidogo kidogo na kukaa mahali pamoja. Kila kuhama ni kufunga majalada na kuyafungua upya. Kuanzia 1964 hadi 1981 kazi hiyo ilikuwa na anwani moja ndani ya chuo kikuu.

Kisa cha tungo za Muyaka kinalipa suala hili uzito mwingine. Katika karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizihifadhi tungo za malenga huyo, akamsaidia mmishonari W. E. Taylor kuzikusanya na kuzifafanua. Hati za Taylor zilipata rafu London, katika maktaba ya chuo cha SOAS, ambamo zimo hadi leo. Mwaka 1940 William Hichens alitoa Diwani ya Muyaka, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz, aliyekuwa mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa uchunguzi wake kuhusu malenga huyo, akitumia pia hati hizo za London. Kazi hizo ni hazina. Lakini zinaacha swali kwa vyuo vya Pwani na bara: hati zilizoandikwa Mombasa, kwa lugha ya Mombasa, zinafuatwa London kwa sababu huko ndiko zilikopata nafasi.

Mfano wa kutia moyo upo pia. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, pamoja na kanda za sauti. Orodha yake iliyoandaliwa na J. W. T. Allen ilichapishwa mwaka 1970. Mambo mawili yamefanyika hapo: vitu vimepewa mahali, na mahali pamepewa orodha. Kimoja bila kingine hakitoshi, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

6.0 Hatua za usimamizi

Kutokana na mifano iliyotangulia, hatua tano zinaweza kupendekezwa kwa chuo kinachopokea miradi iliyodhaminiwa.

6.1 Sajili ya vyumba. Chuo kiwe na daftari linalotaja kila chumba, ukubwa wake kwa mita za mraba, idara inayokitunza, shughuli inayofanyika na mradi unaohusika, kama upo, pamoja na tarehe ya mradi kuisha. Sajili hii ndiyo inayojibu maswali matatu ya viambishi: chumba kiko wapi hasa (PA), kiko katika eneo la nani (KU), na ndani mna nini (M).

6.2 Ukaguzi wa matumizi. Njia inayotumiwa sana ni kuzidisha vipimo viwili: kiwango cha saa ambazo chumba kinatumika, na kiwango cha viti vinavyokaliwa wakati kinapotumika. Kwa mfano wa kubuni, chumba cha viti 20 kikaguliwe kwa saa 40 za juma. Kimetumika saa 24, yaani asilimia 60. Katika saa hizo kilikuwa na watu 8 kwa wastani, yaani asilimia 40. Asilimia 60 ya asilimia 40 ni asilimia 24. Chumba ambacho kila mtu alikiita "kimejaa" kinatumika chini ya robo ya uwezo wake.

Kipimo hiki kina kasoro ambayo watafiti wa lugha wanapaswa kuijua na kuitaja. Kinahesabu watu, si vitu. Chumba cha kuhifadhia kanda, hati na majalada kinaweza kukaa juma zima bila mtu, ilhali kinafanya kazi mchana na usiku. Kukipima kwa viti ni kama kupima ghala la mahindi kwa idadi ya walalao ndani. Chumba cha aina hiyo kipimwe kwa kilichomo, thamani yake na hali ya uhifadhi wake.

6.3 Kuomba nafasi ndani ya pendekezo. Kabla pendekezo halijatumwa kwa mfadhili, mkuu wa idara na ofisi ya majengo watie saini kwamba chumba kipo, au mtafiti aweke kodi ya chumba kwenye bajeti. Kwa njia hiyo neno hakuna litatamkwa mapema, wakati bado kuna la kufanya.

6.4 Makubaliano ya muda. Mradi upewe chumba kwa barua inayotaja tarehe ya kuanza, tarehe ya kuondoka, na utaratibu wa kuomba nyongeza. Barua itaje pia anayeshika ufunguo. Jambo hili si dogo. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 nchini Kenya, rekodi za mahojiano zinazomtambulisha mtu ni data ya kibinafsi, na anayezikusanya ana wajibu wa kuzilinda. Mtafiti anayeweka hojaji zenye majina chini ya meza ya ofisi inayoingiwa na kila mtu hana pa kujitetea.

6.5 Mpango wa kuondoka. Mradi una mwisho, lakini makaratasi yake hayana. Katika mwaka wa mwisho wa mradi iamuliwe ni nini kitakachokwenda maktaba, ni nini kitakachonakiliwa kwa tarakimu, na ni nini kitakachoharibiwa kwa idhini. Bila mpango huo mambo mawili hutokea. Ama chumba hubaki kimefungwa kwa mradi uliokwisha zamani, na mwingine huambiwa hapana. Ama chumba husafishwa kwa siku moja, na data ya miaka mitatu hutupwa pamoja na taka.

7.0 Wajibu wa watafiti wa Kiswahili

Lawama zisielekezwe kwa uongozi wa vyuo peke yake. Vyuo vikuu vya umma nchini Kenya vimepokea wanafunzi wengi kwa kasi kuliko majengo yalivyoongezeka, hasa tangu wahitimu wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walipoingia mwaka 1990. Kamati yenye vyumba vichache na waombaji wengi haina budi kuchagua, na huchagua kwa kufuata hoja zilizoletwa mbele yake.

Mara nyingi watafiti wa Kiswahili hawaleti hoja. Huleta malalamiko kwamba lugha ya taifa inadharauliwa. Malalamiko hayo yanaweza kuwa ya kweli, lakini hayawezi kuandikwa katika sajili. Kinachoweza kuandikwa ni kwamba mradi una wasaidizi 4, kanda 300, saa 30 za kazi kwa juma, haja ya chumba kisichoingiwa na kelele kwa ajili ya kunakili sauti, na fungu la kulipia umeme. Mwenye maabara ya kemia hutaja mambo ya namna hiyo bila kusita. Mwenye mradi wa lahaja anaweza kuyataja pia, maadamu ameyahesabu.

Aidha, Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI) na Hazina ya Taifa ya Utafiti. Mtafiti wa lugha anayeomba fedha, ziwe za humu nchini au za nje, aone gharama ya nafasi kuwa sehemu ya kazi yake ya kitaaluma.

Hili lina haraka yake. Wazee wanaozijua lahaja za visiwani na simulizi za miji ya kale hawangoji bajeti ya majengo. Sauti zao zikirekodiwa zisipopata mahali pa kukaa, zitapotea mara mbili: mara ya kwanza kwa kufariki kwa msimulizi, na mara ya pili kwa kuoza kwa kanda.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba nafasi ya utafiti ni gharama inayohesabika, ni mamlaka yanayogawanywa, na ni hifadhi ya kazi baada ya fedha kwisha. Yameonyesha pia kwamba isimu yenyewe iliwahi kufaidi eneo lililotengwa kwa miradi iliyodhaminiwa, na kwamba utafiti wa Kiswahili ulizunguka miji minne kabla ya kupata makao ya kudumu chuoni. Mtafiti atakayeambiwa tena, "Hakuna nafasi," asiondoke wala asigombane. Aulize kwa adabu: ni hapana, ni hakuna, au ni hamna? Kisha aombe kuonyeshwa daftari. Ikiwa daftari halipo, hapo ndipo pa kuanzia.

Maswali ya kujadili

1. Tofautisha matumizi ya hapana, hakuna na hamna katika mazungumzo ya wanafunzi chuoni. Je, tofauti za kisarufi bado zinazingatiwa?

2. Chagua chumba kimoja katika kitivo chako, ukikague kwa juma moja, kisha ukokotoe kiwango cha matumizi yake.

3. "Mtafiti wa lugha anahitaji kalamu na kichwa tu." Jadili kauli hii ukirejelea utafiti wa lahaja au fasihi simulizi.

4. Andaa barua ya ukurasa mmoja ya kuomba chumba kwa ajili ya mradi wa miaka 2 wa kukusanya methali. Taja watu, vitu, saa, fedha na mpango wa kuondoka.